Tangazo la Damu

Mimi ni mtu wa hasira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga alitoka jasho kuikunjua. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma, kwani yaliyotokea Busia masika yale hayakuwa bahati mbaya. Yalitoka mkononi mwangu, kwa chaki nyeupe, na kwa hati nzuri kabisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa karani katika ofisi ya maendeleo ya jamii, msichana wa pekee mwenye taipureta mezani kwake, na sikumruhusu mtu asahau jambo hilo. Mbele ya ukumbi wetu, ukutani, palikuwa na ubao mweusi mpana kama mlango wa ghala. Kila Jumatatu niliufuta na kuandika habari za mtaa na tarafa: chanjo ya ng'ombe, mkutano wa chifu, mbegu za pamba zimefika, fulani ameokota baiskeli. Redio zilikuwa za kuhesabika, na gazeti lilikuja na basi la Kisumu likiwa limeshachacha. Ubao wangu ndio uliokuwa gazeti. Wasiojua kusoma walisimama wakisubiri apite anayejua, awasomee kwa sauti, na yeye akisoma alikohoa kwanza kama padri.

Masika yale yalianza kwa fujo. Wiki ya kwanza niliandika kwamba radi imeua fahali wawili huko Bukhayo. Sikuandika kwamba mwenye fahali alimwendea jirani yake kwa kumshuku kuwa ndiye aliyetuma radi, akamvunja mkono wa kulia na wa kushoto. Wiki ya Pasaka ukaja mpira, Busia yetu na Busia ya Uganda, maana miji ni miwili lakini jina ni moja. Kipa wao aling'olewa meno mawili kwa kiwiko, mashabiki wakaingia uwanjani na fimbo, na refa akajificha seli ya polisi kwa hiari yake mwenyewe. Wiki iliyofuata, Malaba, taniboi wa malori walimkamata mwizi wa matairi wakamfunga nyuma ya lori wakamburuta mpaka stesheni ya reli. Ukiondoa hilo la mikono, yote niliyatangaza kwa mistari miwili miwili, na nasema kweli, niliyaandika kwa furaha. Watu walijazana mbele ya ubao kuliko siku za mbegu za pamba, nami nikijua kwamba wamekuja kwangu.

Katika masika hayohayo ndipo alipoletwa mpimaji.

Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na viatu ambavyo matope yetu yalivimaliza kwa siku tatu. Idara ya afya ilimleta kwa sababu ya malale. Ugonjwa ulikuwa umeingia pande za ziwa, kule Port Victoria na vijiji vyake, mbung'o wanauma, mtu anaumwa kichwa, anavimba shingo, kisha analala mchana hadi kijiko kinamdondoka mkononi, na mwisho haamki. Kazi yake ilikuwa kupima damu za watu ili wagonjwa wapatikane mapema, maana malale ukiyawahi yanatibika. Alipewa chumba kimoja hapo ukumbini, jirani na ofisi yangu.

Mtu huyo alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Siku ya pili tu alisimama mbele ya ubao, watu wamejaa, akasoma tangazo langu la mpira, akatabasamu akaniambia, "Dada, mashindano yatakuwa. Si mashindano itakuwa."

Watu wakacheka. Walionicheka wenyewe walikuwa wakisema "watoto yangu" na "ng'ombe ingine" tangu walipojifunza kusema, na hawakuwa na habari yatakuwa ni nini na itakuwa ni nini. Walicheka kwa sababu karani mwenye taipureta amesahihishwa. Niliichukua chaki nikarekebisha, nikarudi ndani, nikapiga meza ngumi mpaka wino ukamwagika. Baada ya hapo kila Jumatatu alipita, akasoma, akanyoosha kidole. "Viti vitakodishwa, dada." "Mbegu zimefika, dada." Nilianza kumchukia kwa dhati.

Sasa nimlete mama. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama alinisomesha kwa mihogo mikavu. Aliinunua Bukhayo na Marachi, akaitwanga hapohapo sokoni wanunuzi wakitazama, kwa mchi wa mvule mzito ambao mimi mwenyewe nikiutwangia dakika kumi naomba maji. Alikuwa na mikono ya mwanamume. Alikuwa pia na kidonda kimoja ambacho hakikupona. Kaka yake mkubwa, aliyemlea, alikwenda Jinja kutafuta kazi kabla mimi sijazaliwa, na hakurudi. Wenzake waliorudi walisema amechukuliwa na wazimamoto. Vijana wa leo wakisikia wazimamoto wanafikiria watu wa kuzima nyumba zinazoungua. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Wazimamoto walikuwa watu wa serikali wanaokamata wapita njia, wanawatundika, wanawatoa damu yote, wanaiuza. Nilipokuwa mtoto tulifundishwa kwamba ukiona gari limesimama barabarani bila sababu, jitupe ndani ya mtama na usitoke. Mimi nilikwenda shule ya misheni nikaanza kucheka mambo hayo. Mama hakucheka hata siku moja.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki kulificha hili. Katika watu wote wa ofisi ile, mimi nilijua kuliko wote neno damu linafanya nini ndani ya mtu wa Busia.

Ikaja karatasi ya Kiingereza kutoka afya. Ilisema kwamba siku ya soko wananchi wanaombwa wafike ukumbini, damu ipimwe, tone moja la kidoleni, bila malipo. Nilikuwa na hasira asubuhi hiyo kwa sababu wiki mbili nyuma nilitangaza chanjo ya ng'ombe na hakuna aliyeleta hata ndama, kisha bwana mkubwa wangu akanilaumu mimi. Nikaapa kwamba tangazo hili watalitii. Nikaandika kwa herufi kubwa:

SIKU YA SOKO WATU WOTE WATATOLEWA DAMU. WAKUBWA KWA WADOGO. ASIYEKUJA ATAFUATWA NYUMBANI KWAKE.

Hilo la kufuatwa nyumbani halikuwamo katika karatasi. Nililiongeza mimi.

Mpimaji alitoka chumbani kwake kabla sijapangusa mikono. Alisoma, na mara hii hakutabasamu.

"Dada, samahani," akasema. "Hili neno litatuletea balaa. Kutolewa damu ni neno la bucha. Andika watapimwa. Na utaje kwamba ni tone moja, halijazi hata kijiko."

"Bwana, hapa si pwani," nikamwambia. "Hapa kupima ni mambo ya mashamba. Mtu akisoma kupima anafikiri shamba yake inapimwa, atakuja na panga."

Haukuwa uongo huo. Siku hizo watu walikuwa wakigombania mipaka, na mtu mwenye mnyororo wa kupimia alikuwa akifukuzwa na mbwa na wenye mbwa. Lakini hata mimi niliona kwamba anachosema kina maana. Kitambaa cha kufutia kilikuwa tayari mkononi. Nilikwisha kuinua mkono. Bado nusu hatua ningelifuta.

Ndipo akasema, kwa mazoea tu, na tabasamu lake limerudi, "Shamba lake linapimwa, dada."

Nikashusha mkono. "Ubao ni wangu," nikasema. "Wewe ukitaka kufundisha Kiswahili rudi kwenu ukafungue shule. Hapa watu wataelewa nilichoandika."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, "wewe ndiye mwenyeji." Akaingia chumbani kwake. Wazee husema hasira hasara, lakini wakati ule sikuona hasara yoyote, niliona nimeshinda.

Jioni mama alikuwa uani anatwanga. Hakujua kusoma, ila habari zilikuwa zimemfikia. Nyumbani tulisema Kikhayo, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Wanasema kuna damu kwenye ubao wako."

"Ndiyo, Mayi. Watu watatolewa damu siku ya soko."

"Kiasi gani?"

"Waulize wenyewe."

"Ya kupeleka wapi?"

"Mayi, nimechoka, nimeshinda kwenye kiti tangu asubuhi."

Akatwanga mara mbili tatu, akauliza tena. "Na asiyekwenda?"

"Imeandikwa. Atafuatwa."

Mchi ukanyamaza. Nilikuwa nimeinama navua viatu, sikumtazama uso. Ningeweza kumwambia kwamba ni tone moja. Maneno mawili tu, na nilikuwa na ulimi mdomoni. Niliingia ndani nikala, nikalala vizuri.

Siku ya soko watu walikuja. Nilisimama dirishani nikawaona wakijaa tangu asubuhi, kutoka Bukhayo, kutoka Marachi, Wateso wa upande wa Malaba na mifugo yao, wachuuzi kutoka Uganda, wengi kuliko siku ya mpira, na nikasema moyoni, leo wamesoma. Sikujiuliza kwa nini wanaume wengi hivi wamekuja sokoni na marungu, wala kwa nini wanawake hawajatandika bidhaa zao chini.

Mpimaji aliweka meza barazani, akaitandika kitambaa cheupe, akapanga vioo vyake vidogo, sindano zake, pamba, na chupa ya dawa nyekundu ya kupaka vidonda. Dereva wake alikuwa amesimamisha Landrova kando ya ukumbi na injini ikiunguruma. Watu walisimama mbali wakatengeneza nusu duara. Kijana mmoja alisoma ubao kwa sauti, akafika kwenye "atafuatwa nyumbani kwake", akarudia mara ya pili bila kuombwa.

Mwanamke mchuuzi wa Uganda, mwenye ungo wa samaki wakavu kichwani, alimgeukia mwanamke mwenzake aliyekuwa karibu naye. "Nyabo, hawa ndio bazimamoto. Kule kwetu pia walianza hivihivi, na meza na kitambaa nyeupe."

Mzee mmoja Mteso akajitokeza mbele na fimbo yake. "Wewe bwana," akasema, "hii damu nakwenda wapi?"

"Inakwenda Kisumu, mzee wangu, kutazamwa tu," mpimaji akamjibu.

"Kisumu kuna watu. Hapana kuwa na damu yao?"

Watu wakaguna. Mpimaji akainua kidole chake mwenyewe kuonyesha, akaanza kueleza habari za mbung'o na vimelea, Kiswahili kizuri, kimenyooka, na hakuna aliyekielewa. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaenda. Sijui ni ujasiri au ni kutii tu. Alikaa kitini akatoa mkono. Mpimaji akampaka dawa nyekundu kidoleni, akachukua sindano. Mtoto akachungulia begani kwa mama yake, akaiona, akapiga yowe kali. Mama yake alishtuka akajivuta nyuma, goti likagonga meza, meza ikapinduka. Chupa ikapasukia kwenye sakafu ya saruji. Ile dawa ikatapakaa, ikalowesha kitambaa cheupe, ikamrukia mpimaji mikononi mpaka kwenye viwiko, ikamrukia na mtoto usoni.

"Damu!" mtu akapiga kelele. "Amechinja mtoto!"

Rungu la kwanza lilimpata shingoni. Alipiga magoti, akainua mikono yake myekundu ili waione vizuri, akasema, "Jamani, ni dawa. Ni dawa hii." Hiyo mikono ndiyo iliyommaliza. Kila aliyekuwa nyuma na hakuona mwanzo aliona mikono. Wakamvuta barazani wakamshusha kwenye matope. Walimpiga kwa marungu, kwa mateke, kwa mipini ya majembe, kwa mawe waliyoyang'oa kwenye maua ya ofisi yetu. Niliona kofia yake ikikanyagwa. Niliona mwanamume ambaye kila Jumapili alipitisha sahani ya sadaka kanisani kwetu akiruka na kutua kwa visigino viwili juu ya mkono wake, na nikasikia mkono ule ukivunjika. Dereva aliiacha Landrova ikiunguruma akakimbia kuelekea Uganda, na wengine wakaipindua wakaitia moto.

Nilipiga kelele. "Ni kupima! Ni kupima damu! Anapima tu!"

Kijana yule aliyesoma ubao aligeuka, mate yamemjaa mdomoni. "Wewe mwenyewe naandika kutoa!"

Kisha nikamwona mama. Alikuja akipenya katikati ya wanaume, leso kaifunga kiunoni, na wanaume wakampisha. Alikuwa na mchi wake. Sikumwita. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikumwita, na jibu ni kwamba niliogopa watu watajua ni mama yangu. Alisimama juu ya mpimaji, akapanua miguu, akauinua mchi kwa mikono miwili wima juu ya kichwa chake, akaushusha. Alimpiga kama anavyotwanga mihogo, bila haraka, bila kupiga kelele, na uso wake haukuwa na hasira yoyote. Mara ya kwanza kifuani. Mara ya pili usoni. Sauti ile naijua, nimekua nayo, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila asubuhi ya utoto wangu.

Askari wa tarafa walifika wakapiga risasi hewani. Watu wakatawanyika, nusu wakaingia Uganda, nusu wakaingia kwenye mtama, na uwanja ukabaki na viatu vya mguu mmoja mmoja. Mpimaji alikuwa bado anapumua. Hamali mmoja wa ghala la pamba, mtu mrefu aliyekuwa amejificha nyuma ya magunia muda wote ule, alitoka akamwinua peke yake kama mtoto, akambeba mpaka kwenye pikapu ya Mhindi mwenye duka, na shati lake lote likawa damu. Mara hii ilikuwa damu ya kweli. Mimi nikapanda nyuma, nikakiweka kichwa cha mgonjwa mapajani.

Tuliipita njia ya Mumias mvua ikitumwagikia. Gari lilizama matopeni mara mbili, hamali akashuka akalisukuma. Taya ya mpimaji ilikuwa imevunjika na jicho moja halikuwepo tena. Aliniuliza kitu. Alikiuliza mara mbili, kwa taabu, damu ikimtoka puani, nami sikukielewa, nikamwambia ndiyo. Alikufa kabla hatujafika hospitali. Tulikwenda naye hivyohivyo mpaka mwisho, kwa sababu pale barabarani hapakuwa na mahali pa kugeuzia gari.

Nilirudi nyumbani siku ya pili. Mama alikuwa uani. Alikuwa ameusugua mchi kwa mchanga na maji ya moto mpaka mti ukawa mweupe, na alikuwa anatwanga. Usiku huo alipika ugali wa mihogo ile, akanitengea, akakaa mbele yangu. Nilikula.

Polisi walikuja, na mkuu wa tarafa, kijana msomi mwenye suti. Aliuliza ni nani aliyeandika tangazo, na lilisemaje. Tulitoka tukautazama ubao. Mvua ilikuwa imeuosha vizuri kuliko kitambaa, hapakubaki hata nukta. Nikampa ile karatasi ya Kiingereza, nikasema nilitafsiri kama ilivyo. Aliisoma, akatikisa kichwa, akasema watu wetu bado wako gizani. Nikasema ndiyo, bwana.

Wakaniuliza ni nani niliowaona wakipiga. Nikasema nilikuwa nimejifunika uso. Kila aliyeulizwa alisema hivyohivyo. Busia nzima ilikuwa imejifunika uso siku ile. Basi polisi wakatafuta nguo zenye damu. Wakamkamata yule mzee wa sahani ya sadaka, na huyo alistahili. Wakamkamata na hamali. Nilikwenda mahakamani nikaeleza kwamba alibeba tu, na hakimu akaniuliza, kama ulijifunika uso, umejuaje hakupiga? Ningeweza kujibu. Ningesema sikujifunika, niliona kila mmoja, nawajua kwa majina, na hapo lingefuata swali moja tu, taja. Mama alikuwa amekaa benchi ya nyuma na kapu lake mapajani. Nikanyamaza. Hamali alifungwa miaka mingi, na mkewe alipokutana nami njiani alinitemea mate usoni. Sikuyafuta mpaka alipopita.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kupimwa, mpaka ziwani. Landrova ya afya ilirushiwa mawe kila ilipopita. Niliacha kazi ya ubao, nikaomba wanipeleke kwenye mafaili.

Masika ya pili yake mama alianza kuumwa kichwa. Alikuwa ameongeza biashara ya samaki wakavu, na kila mwezi alikuwa akienda Port Victoria kuwafuata. Nikadhani ni uchovu. Kisha akaanza kusinzia mchana, amekaa, mkono umeshika mwiko. Siku moja nilimkuta ameuangukia moto na nywele zimeungua upande mmoja, na hakuwa ameamka. Nikampapasa shingo nikakuta vivimbe.

Nilimwambia twende zahanati. Akakataa. Nikambembeleza, akakataa. Nikamkaripia, nikamshika mkono kumvuta, akanipiga kofi, nami nikamrudishia. Nilimpiga mama yangu mzazi, tukashikana hapo uani kama walevi, mimi nikilia na yeye akiniuma kidole, mpaka usingizi ukamshinda katikati ya vita, akanilegea mikononi. Nikamfunga kwa leso mgongoni mwa mwendesha baiskeli, na mimi nikakimbia nyuma kwa miguu.

Mpimaji wa zahanati alikuwa kijana wa Marachi. Alimsalimu mama kwa lugha yake, akamwita Mayi, akamweka kitini. Mama alikuwa amekwisha kuamka. Alitazama meza, kitambaa, kile kioo kidogo, nami nikajiweka tayari kumshika akiruka. Hakuruka. Kijana alimchoma kidole, akaminya, likatoka tone moja. Akaligusisha kwenye kioo, akalisambaza, akakiweka kando.

Mama akaendelea kunyoosha mkono, anasubiri.

"Tumemaliza, Mayi," kijana akasema.

Akakitazama kile kioo. Kisha akanigeukia. Tangu siku ile ya soko tulikuwa tukizungumza tukitazama chungu, tukitazama kuku, tukitazama mlango. Sasa alinitazama mimi machoni.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, Mayi."

"Na wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, nilijua.

Hakunilaani, na hakulia. Akausukuma mkono wake mezani kwa yule kijana, kiganja juu, na akaanza kukunja mkono wa gauni kuelekea begani.

"Mwambie atoe," akaniambia. "Mwambie atoe yote."

Kijana alicheka, akidhani bibi ana mzaha, akampa pamba ya kubania kidole.